Plastiki za Gari la Mkunga

Kwenye gereji yetu kulikuwa na mwanamke mmoja tu, na hakuna aliyemchezea. Tulimwita Msasa. Jina hilo nilimpa mimi, siku aliponiambia mbele ya mteja kwamba mlango niliounyoosha umekaa kama godoro la hospitali. Mimi kazi yangu ni kunyoosha bodi, basi naye akalipiza kwa kuniita Nyundo, na majina yote mawili yakanata.

Yeye kazi yake ilikuwa plastiki. Namaanisha zile nyeusi za nje kwenye magari makubwa ya juu, zinazozunguka matao ya magurudumu na kupita chini ya milango. Jua likizipiga miaka minne mitano zinapauka, zinakuwa rangi ya majivu, na gari zima linaonekana limechoka. Wapakaji wengi huzipulizia rangi juu kwa juu. Zinang'aa wiki mbili, halafu rangi inabanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Msasa alikuwa anazifungua zote. Anaziosha kwa sabuni na brashi, anazikwangua kwa msasa laini mpaka mng'ao wote uishe, anazifuta kwa spiriti, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya kuzigusa kwa mkono mtupu. Ukigusa, utasikia. Halafu praima ya plastiki, ile rangi ya msingi, nyembamba, halafu rangi mara tatu, na kila mara anasubiri. Bosi alikuwa anapita na kumwambia, "Msasa, hilo ni gari, si bibi harusi." Naye anajibu bila kugeuka, "Basi kapake wewe."

Iliyovunjika aliweza kuishona pia. Alikuwa na chuma cha moto na vipande vya waya wa wavu, anaukandamiza waya kwenye ufa kwa upande wa nyuma, anajaza, anasawazisha. Ukiitazama kwa mbele huoni kitu. Alijisifu kwa hilo, na alikuwa na haki. "Yangu inapendeza kuliko mpya," alikuwa akisema. Ila kila mara aliongeza kwamba iliyoshonwa ni iliyoshonwa: ikigongwa tena haitastahimili kama mpya, na mwenye gari lazima aambiwe.

Alikuja gereji akiwa na miaka kumi na tisa, kufagia ofisi. Baba yao alikuwa amefariki, mama yao miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na nyuma yake kulikuwa na mdogo wake wa kiume wa miaka kumi. Alifagia, akaosha magari, akamwangalia mpakaji wa zamani miaka miwili bila kuuliza swali, na mpakaji alipoondoka kwa ugomvi, Msasa akaishika bunduki ya rangi asubuhi ile ile. Kwa mkono huo alimsomesha mdogo wake mpaka chuo. Hakuolewa. Aliyetaka kumuoa alimpa sharti la kuacha gereji, naye akamwonyesha mlango. Mdogo wake alipoajiriwa na kampuni ya bima kuwa mkaguzi wa magari, Msasa alikuja kazini amevaa kitambaa kipya kichwani, na siku ile hata mimi sikutukanwa.

Mkaguzi ndiye anayekuja kulitazama gari lililogongwa, anaandika kipi kinunuliwe kipya na kipi kitengenezwe, na kazi ikiisha anarudi kuthibitisha kwamba kila kilichoandikwa kimefanyika. Wiki yake ya kwanza Msasa alimleta gereji ajifunze. Nilikuwepo. Alimshika mkono kama mtoto, akampitisha kwenye kila gari, akamwonyesha rangi ya kiwandani na rangi ya fundi, bodi iliyonyooshwa na bodi mpya. Walipofika kwenye plastiki akamwambia, "Usidanganyike na mbele. Mbele tunajua kupendezesha. Fungua, geuza, tazama mgongoni." Kijana akawa anaandika kwenye daftari. Bosi alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. Akamwalika kijana ofisini wakanywe soda.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, ingawa ilichukua miaka miwili kujulikana.

Siku ilipojulikana ilikuwa saa nne asubuhi. Mwanamke mmoja, mkunga wa zahanati, aliingia getini kwa kasi, akafunga breki katikati ya uwanja, akashuka na kipande kirefu cha plastiki nyeusi mkononi. Gari lake tulilikumbuka. Lori lilikuwa limerudi nyuma likalikwangua ubavu mzima, na tulikuwa tumelitengeneza miezi miwili iliyopita.

"Nani fundi wa hizi?" aliuliza.

"Mimi," Msasa akasema. Alikuwa amechuchumaa, anafuta bampa.

"Nilipita juu ya mtaro mdogo, mtaro wa maji tu, hii ikapasuka ikaanza kupiga tairi. Nilikuwa nimempakia mama mwenye uchungu, fundi. Mama anajifungua, mimi niko barabarani nang'oa plastiki kwa mikono! Na hizi mlisema ni mpya!"

Msasa akasimama. "Nani alisema ni mpya? Mpya tuliambiwa hutaki. Tuliambiwa umeomba za zamani zishonwe."

Mkunga akamtazama kama anayetazama mlevi. Akarudi garini, akafungua kabati la mbele, akatoa karatasi za bima. Ukurasa wa pili ulisema: plastiki za matao ya magurudumu, upande wa kushoto, mbele na nyuma, pamoja na ya chini ya milango, zote mpya, zimefungwa, zimekaguliwa. Chini kulikuwa na sahihi.

Nilikuwa karibu, nikaiona. Sahihi ya mtu anayevuta herufi ya mwisho ndefu, ikapinda chini, ikarudi nyuma. Msasa aliijua kuliko mimi. Kijana alikuwa ameifanyia mazoezi nyuma ya daftari la dada yake lenye vipimo vya rangi, kurasa tatu nzima, mwaka alioingia chuo.

Mimi nilikuwa nimemsikia Msasa akipiga kelele miaka kumi na moja. Siku ile hakupiga. Alikipokea kile kipande, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye waya wake mwenyewe, ulioachia pembeni. Akachukua bisibisi bapa, akaenda kwenye gurudumu la nyuma, akaanza kung'oa klipu. Ta, ta, ta. Plastiki ikatoka. Akaigeuza mbele ya mkunga: waya, mshono, alama za moto. Akaenda kwenye ya chini ya milango. Vivyo hivyo.

Bosi alitoka ofisini mbio. "Msasa! Weka chini hiyo! Nani kakutuma?"

"Uliniambia mwenye gari anataka za zamani."

"Tutaongea ndani."

"Tunaongea hapa. Mwenye gari huyu hapa. Muulize kama alitaka za zamani."

"Sikuziomba hata siku moja," mkunga akasema.

Bosi akaweka sauti ya upole, ile anayoitumia kwa wateja. "Mama, hizi za kushonwa ni imara kabisa, huyu ndiye fundi bora mjini..."

"Usinitaje!" Hapo ndipo sauti ilipotoka, na kompresa ilikuwa inaunguruma lakini ilisikika mpaka barabarani. "Usinitaje kwenye wizi wako! Mpya ziko wapi? Bima ilitoa hela za kununua mpya. Ziko wapi?"

Bosi naye akachoka na upole. "Kazi yako ni kupaka rangi, si kusoma karatasi za watu. Na kama una maswali, kamuulize mdogo wako. Yeye ndiye aliyesaini. Mimi sina sahihi pale."

Msasa akatugeukia sisi mafundi. Tulikuwa wanne, tumesimama na vifaa mikononi. Akanitazama mimi.

"Nyundo, ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuambiwa. Lakini nilikuwa nimeona. Miaka miwili halikuingia boksi hata moja la plastiki mpya kupitia geti lile, na magari ya bima yalikuwa yanatoka kila wiki. Nilikuwa na watoto watatu na bosi aliyekuwa ananilipa kwa wakati, basi nikawa naangalia nyundo yangu.

"Nilihisi," nikasema.

"Ulihisi." Alilitamka neno lile polepole kama mtu anayeonja kitu kilichooza. "Miaka miwili unahisi, na mimi nakaa hapa nashona kama mwendawazimu, najisifu. Wote mmekaa mnanitazama ninavyojisifu."

Hakunisemesha tena mpaka miezi mitano ikapita.

Yaliyofuata sikuyaona, alinisimulia baadaye, na kila alipofika sehemu fulani alikuwa anasimama, anazunguka chumba, ndipo anaendelea. Alikwenda ofisi ya bima na ovaroli yake, plastiki mbili kwapani. Mlinzi alimwambia vyuma chakavu vinapokelewa mlango wa nyuma. Akamjibu kwamba hajaleta chuma, ni plastiki, na kama hajui tofauti arudi shule. Akapita. Dada wa mapokezi akampigia simu mdogo wake Msasa, naye akateremka haraka, shati jeupe, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alipoziona zile plastiki uso ulimbadilika. Akamshika dada yake kiwiko, akamvutia kwenye ngazi, pasipo na watu.

"Dada, ungenipigia simu."

"Nilikufundisha kufanya nini na plastiki?"

"Dada..."

"Nilikufundisha kufanya nini?"

"Kugeuza."

"Geuza basi."

Hakugeuza. Akasema kila mkaguzi anafanya. Akasema bosi ndiye aliyemshawishi, tangu siku ile ya soda. Akasema hakuna aliyeumia. Halafu akasema neno ambalo Msasa alinirudilia mara tatu, kila mara kwa sauti ileile ya mdogo wake, laini, ya kubembeleza: "Na isitoshe, dada, wewe mwenyewe husema zako ni nzuri kuliko mpya. Nisingekubali kama fundi angekuwa mwingine. Nilijua zitakuwa zimeshikwa na mkono wako."

"Yaani uliniamini," Msasa akasema.

"Nilikuamini, dada yangu."

"Kwa hiyo ningekuwa fundi mbovu, usingeiba."

Mtu akapita ngazini, wakasogea ukutani, wakasalimia wote wawili kama watu wanaozungumzia hali ya hewa. Alipopotea, Msasa akamwambia, "Nakupa mpaka Ijumaa. Nenda kwa mkubwa wako, sema mwenyewe, taja magari yote. Usipokwenda, nitakwenda mimi."

"Nitafukuzwa."

"Ndiyo."

"Na mama je? Dawa za mama nanunua mimi sasa."

"Kabla yako nilizinunua miaka kumi na sita. Usinitishe na dawa za mama."

Ijumaa haikufika kabla mama yao hajamwita. Kijana alikuwa amekwenda kulia kwake. Msasa alimkuta mama amekaa kitandani anakunja nguo, miguu ameiweka juu ya kigoda. Akamwamkia, mama akaitikia bila kumtazama.

"Nasikia unataka kumfunga mdogo wako."

"Sitaki kumfunga. Nataka aseme alichofanya."

"Kwa sababu ya plastiki! Mwanangu, plastiki? Mtu kauawa?"

"Mama, kuna mwanamke alikuwa garini na uchungu wa kuzaa, gari limesimama barabarani kwa sababu ya plastiki."

"Akajifungua salama?"

"Alijifungua."

"Basi." Mama akaliweka shuka juu ya mengine. "Wewe umezaliwa na hasira. Tangu mdogo. Mwenzako ni mpole, anateleza, anakosea, mtu mpole anakosea. Wewe mkubwa ndiye unayetakiwa kumfunika."

Msasa aliniambia kwamba hapo alikaribia kuondoka bila kusema kitu, kwa kuwa hajawahi kumpandishia mama yake sauti. Lakini alisema. Alisema amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Mama, nilimfunika. Alipoiba kalamu za mwenzake nilikwenda kuomba msamaha mimi. Alipofeli mtihani nikamwambia mwalimu alikuwa anaumwa. Nimemfunika mpaka amefika kwenye shati jeupe, na amelivaa shati hilo akaja kuniibia mimi. Hakuiba kwa bima tu. Kila gari nililoshona miaka miwili, mwenyewe anadhani ana kitu kipya, na siku kikipasuka atauliza fundi ni nani. Fundi ni mimi. Hasira unayosema nimezaliwa nayo, ndiyo iliyoamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuvuta rangi kifuani ili asome. Wakati ule hukuiona mbaya."

Mama akalia. Msasa akamletea maji, akamkunjia nguo zilizobaki, akaondoka. Ijumaa ikaja, saa za kazi zikaisha, mdogo wake hakwenda kwa mkubwa wake wala hakupiga simu.

Jumatatu asubuhi Msasa alikwenda na mkunga. Walikaa mbele ya mkubwa wa madai, mzee mwenye miwani ambaye mwanzoni alitaka kuwapa fomu waijaze waondoke. Mkunga akakataa fomu. Msasa akaziweka plastiki juu ya meza yake, migongo ikiangalia juu, akamweleza mshono mmoja mmoja. Mzee akauliza anakumbuka magari mangapi ya namna hiyo. Akayataja kwa rangi, kwa upande uliogongwa, kwa tabia za wenyewe: la kijani la mwalimu mwenye mbwa, jeupe la wale ndugu wawili wanaogombana. Mzee akaacha kuandika akaita mtu mwingine aje aandike. Alipoulizwa kama anamfahamu mkaguzi aliyesaini, akasema, "Ni mdogo wangu, tumbo moja," na mzee akavua miwani.

Kijana alisimamishwa, baadaye akaachishwa. Bosi wetu hakupatwa na makubwa. Gereji ilifungwa wiki mbili, ikafunguliwa na jina jingine lililoandikwa kwa rangi mpya juu ya kutu ya geti lilelile, bila hata kukwanguliwa. Msasa alifukuzwa siku ileile ya bisibisi, na mimi niliendelea kufanya kazi pale mwezi mmoja zaidi, nikiwa sina uso wa kumtazama mtu, kisha nikaacha. Sitaki kujipamba. Niliacha kwa sababu mafundi waliobaki walianza kunicheka kimyakimya, na kwa sababu kila boksi ambalo halikuingia getini nililiona.

Msasa alipata nafasi nyuma ya sehemu ya kuoshea magari, ukuta mmoja, bati juu, bomba la maji karibu. Bima ilimpa mkunga plastiki mpya kweli, naye akazipeleka kwake zifungwe. Nilikuwepo, ndiyo siku niliyokwenda kumuomba msamaha. Alinikuta nimesimama karibu na ndoo, akasema tu, "Shika upande ule," nikashika. Alilifungua boksi kwa kisu. Plastiki mpya zina harufu yake, na mgongoni zimeandikwa namba za kiwandani kwa herufi ndogo ndogo. Alizisoma zote. Akaanza kuzibana mahali pake kwa kiganja, klipu zikilia moja baada ya nyingine, na nilidhani atafurahi. Alipofika ya tatu akaacha.

"Unaona kazi hii?" akasema. "Dakika ishirini. Dakika ishirini, Nyundo! Mimi nilikuwa namaliza siku mbili nashona, macho yananitoka machozi kwa moshi, ili wao wasifanye kazi ya dakika ishirini."

Akaipiga ile ya tatu kwa kiganja mpaka mkunga akashtuka. Ikaingia.

Tangu hapo nimekuwa nafanya kazi naye, yeye plastiki, mimi bodi. Maneno yake hayajapungua makali. Mteja akileta plastiki ya kushonwa, anamwandikia kwenye karatasi kwamba imeshonwa, na wapi, na anamlazimisha asaini. Wengine wanakasirika wanaondoka, na anawaacha waondoke. Mdogo wake amepata kazi ya udereva mahali fulani. Wanakutana kwa mama yao Jumapili. Anamwamkia dada yake, dada anaitikia, na hiyo ndiyo salamu, hakuna cha zaidi. Mwezi uliopita kijana alijitahidi. Alimfuata mpaka nje, akamwambia amejuta, kwamba hapati usingizi.

Nilimuuliza Msasa alimjibu nini.

"Nilimwambia akayaendee yale magari, moja moja, awaambie wenyewe," alisema. Alikuwa anafuta bampa kwa spiriti, nami nilisogeza mkono wangu haraka kabla haujagusa. "Yapo thelathini na kitu. Orodha nilimpa."

"Amekwenda?"

"Amekwenda kwa mawili." Akakunja kitambaa, akageuza upande safi. "Yale ya karibu na kwake."